Kuzimua rangi za mafuta kwa woshi ya modeli: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Ukitazama modeli zinazoundwa Bagamoyo, za majahazi ya mbao na za malori na ndege za plastiki, kazi ya kisu, msasa na gundi mara nyingi ni nzuri sana. Zinaharibikia kwenye woshi. Mtu anazimua rangi ya mafuta, anaipitisha juu ya kazi ya wiki tatu, na baada ya saa moja ana madoa ya duara, rangi ya chini imenyanyuka, plastiki imelainika, au ubavu mzima umegeuka tope.

Woshi ni rangi iliyozimuliwa mpaka ikawa nyepesi kama chai ya rangi, ikaachwa ikimbilie yenyewe kwenye mianya, maungio na kandokando ya vichwa vya misumari. Ikikauka, mianya inabaki na kivuli na modeli inapata kina. Makosa karibu yote yanayolalamikiwa yameshatendeka kabla brashi haijagusa modeli: kimiminika sicho, rangi ina mafuta mengi, au uso haukuandaliwa. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye maandalizi. Tafadhali usiyaruke.

## Vifaa

- Rangi za mafuta za msanii, za tyubu. Kuanzia zinatosha tatu: Burnt Umber (kahawia iliyoiva), Payne's Grey (kijivu chenye ubluu) na Titanium White (nyeupe). Raw Umber na Burnt Sienna ongeza baadaye. Tyubu ndogo itakukalia miaka.
- Tapentaini ya madini, nusu lita. Maelezo yake yako chini.
- Vanishi ya akriliki inayong'aa, na nyingine isiyong'aa. Zote ziwe za kuzimuliwa kwa maji.
- Brashi mbili zenye ncha, namba 0 na namba 1, na moja bapa ya upana wa milimita 6 hivi.
- Bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yake. Linapatikana duka lolote la dawa.
- Kipande cha katoni kavu, upande usio na nta wala maandishi.
- Vikombe vidogo vya kioo au vya chuma, hata vifuniko vya chupa vya chuma. Kikombe chepesi cha plastiki kinaweza kulainika na kukumwagikia mezani.
- Kigae cheupe (kipande kilichobaki kwa fundi kinatosha), vijiti vya meno, pamba za masikio, kitambaa cha pamba kisichotoa nyuzi.
- Vijiko vinne vya plastiki vyeupe, vya kutupa. Hivi ndivyo vitakavyookoa modeli yako.
- Chupa mbili za kioo zenye vifuniko.

Fanya kazi penye hewa inayopita, mbali na jiko, sigara na mshumaa. Usinyooshe ncha ya brashi kwa mdomo. Baadhi ya tyubu, hasa nyeupe za zamani na nyekundu na njano kadhaa, zina risasi au kadimiamu.

## Majina yanayopoteza watu dukani

Shida ya kwanza ni lugha ya dukani. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, "rangi ya mafuta" ni ile ya milango na madirisha. Hiyo si rangi ya mwongozo huu. Ina gundi yake nyingine, inaganda kwa namna nyingine, na ukiizimua sana chembe zake zinatengana na kuacha madoa. Unayoitaka ni ya tyubu, inayouzwa kwa wachoraji: chembe za rangi zilizosagwa laini ndani ya mafuta ya mbegu za kitani. Kama huipati mjini, Dar es Salaam ni kilomita kama 70 tu, nenda maduka ya vifaa vya sanaa. Soma mgongo wa tyubu: Burnt Umber, Raw Umber na Burnt Sienna za kweli zimeandikwa PBr7, namba inayotambulisha chembe za rangi. Zikiwa na orodha ndefu ya namba, ni mchanganyiko wa kuigiza, na mara nyingi huacha chembechembe.

Shida ya pili ni kimiminika.

Thina. Ukisema "thina" bila maelezo, uwezekano ni mkubwa utapewa ile kali ya mafundi wanaopuliza magari na fanicha. Inayeyusha plastiki ya modeli na kunyanyua akriliki. Haifai, hata tone moja la kuongezea.

Spiriti. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Wamesoma mahali kwamba kinachotakiwa ni *white spirit*, wanafika dukani wanaomba spiriti, wanapewa spiriti ya kuwashia au ya kusafishia vidonda. Hizo ni alkoholi. Alkoholi haizimui rangi ya mafuta ipasavyo, na inalainisha akriliki uliyoipaka chini. Jina limefanana tu. Onyesha kopo kwa kidole, usiagize kwa mdomo.

Mafuta ya taa. Yanazimua, na ndiyo maana watu huyaamini. Lakini yanakauka polepole mno na kuacha utando wa mafuta, na vanishi ya mwisho haitashika juu yake.

Petroli. Hapana. Mvuke wake unashika moto kwa cheche ndogo tu.

Tapentaini. Zipo mbili. Ya asili inatokana na utomvu wa misonobari. Ni kali zaidi, hulainisha rangi ya chini upesi, na harufu yake hugonga kichwa. Ya madini, ambayo ndiyo hiyo *white spirit*, inatokana na mafuta ghafi, ni tulivu zaidi, na ndiyo tunayoitaka. Ukipata iliyoandikwa kuwa haina harufu, ni bora zaidi.

## Hatua ya 1: Pima kimiminika kabla ya kukiamini

Kopo linaweza kuwa limejazwa upya na kitu kingine. Fanya majaribio manne.

Tone kwenye karatasi nyeupe kavu. Tapentaini ya madini inafuka yote na karatasi inabaki safi. Kama baada ya saa moja bado kuna doa la mafuta linalopitisha mwanga, una mafuta ya taa au mchanganyiko wake.

Mililita 2 za kimiminika na mililita 2 za maji kwenye chupa. Tikisa, acha dakika moja. Tapentaini inapanda juu na kukaa peke yake, mpaka ukionekana wazi. Ikichanganyika na maji, ni alkoholi.

Tone kwenye kijiko cha plastiki kitupu. Subiri dakika 2, gusa kwa kijiti cha meno. Plastiki ikinata au ikiacha alama ya kijiti, hiyo ni thina kali. Irudishe.

La mwisho: paka kijiko cha pili rangi ileile ya modeli yako na kikauke siku nzima. Lowanisha pamba ya sikio kwa kimiminika, sugua mara 20. Pamba ikibaki nyeupe, uko salama. Ikichukua rangi, ama rangi yako ya chini ni ya jamii ya mafuta, ama haijakauka vya kutosha. Jaribio hili ni la lazima kwa rangi za kopo la kupuliza, maana lebo zake nyingi hazisemi zimetengenezwa kwa nini.

## Hatua ya 2: Andaa uso

Rangi ya chini iwe akriliki, na ikauke saa 24. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hewa ya pwani hii inakuwa nzito kwa unyevu; zifanye 48.

Kisha weka vanishi ya akriliki inayong'aa, makoti mawili membamba, saa 4 kati yake, na usiku mzima baada ya koti la pili. Sababu ni mbili. Kwanza, inaikinga rangi ya chini isiguswe na tapentaini. Pili, uso unaong'aa ni laini, kwa hiyo woshi inateleza juu yake na kuvutwa na mianya. Uso uliofifia una vinyweleo vidogo vidogo, unainywa woshi palepale ulipoigusisha, na doa linabaki na ukingo.

Kama rangi ya chini ni ya mafuta, ya milango au ya makopo madogo ya modeli, koti hili si hiari. Tapentaini ndiyo inayoizimua rangi hiyo. Bila ukuta katikati utaivua yote.

Modeli ya mbao inadai zaidi. Mbao tupu inanyonya woshi kama sifongo na inakuwa nyeusi upande unaonyonya sana, yaani kwenye ncha za mbao zilizokatwa. Ipe makoti mawili ya vanishi ya maji kabla hata ya rangi, piga msasa namba 400 katikati, futa vumbi. Plasta ya kuta za mawe ni vivyo hivyo.

Ukiwa tayari utaliona dirisha likiakisi kwenye ubavu wa modeli. Usipoliona, ongeza koti.

Paka vijiko viwili kwa rangi na vanishi ileile, siku ileile, kwa brashi ileile. Kimoja cha kujaribu woshi, kingine cha kujaribu ukaukaji.

## Hatua ya 3: Toa mafuta ya ziada

Kamua rangi kidogo juu ya katoni, tandaza kwa kijiti iwe nene kama shilingi. Acha nusu saa hadi saa moja. Utaona pete ya mafuta ikipanuka kuzunguka rangi: hayo ni mafuta ya kitani yanayonyonywa na katoni.

Rangi za bei nafuu zina mafuta mengi kuliko chembe. Usipoyatoa, woshi inakauka ikiwa na mng'ao wa madoa madoa, na inachukua siku nyingi kukauka. Usiache zaidi ya saa 2, hasa wakati wa joto la kaskazi. Rangi inaanza kukaza na haitayeyuka sawasawa tena.

Rangi iliyo tayari imefifia juu, lakini ukiibonyeza bado ni laini kama siagi.

## Hatua ya 4: Zimua kwa vipimo

Watu wanazimua kwa macho, kila mara inatoka tofauti, kisha wanalaumu tyubu. Tumia kipimo cha jikoni: mbaazi kavu moja ina ujazo wa takriban sehemu ya kumi ya mililita. Bonge la rangi lenye ukubwa wa mbaazi moja, na bomba la sindano kwa tapentaini, vinakupa uwiano unaorudiwa.

- Woshi ya mstari, ya kuingia kwenye mianya tu: mbaazi 1 kwa mililita 1, yaani 1 kwa 10.
- Woshi ya uso mzima: mbaazi 1 kwa mililita 1.5 hadi 2.
- Filta, ya kugeuza kidogo tu sauti ya rangi yote ya chini: mbaazi 1 kwa mililita 4, na brashi karibu kavu.

Anayeanza afanye ya kwanza tu. Hizo mbili nyingine ndizo zinazozaa tope.

Namna ya kuchanganya ina uzito wake. Weka rangi kwenye kikombe, tone 3 au 4 za tapentaini, koroga mpaka iwe uji laini usio na mabonge. Ongeza kidogo, koroga. Ndipo umimine iliyobaki. Ukimwaga zote mara moja, rangi inakatika vipande vinavyoelea, na kipande kimoja kitakuja na brashi na kujibandika palepale usipopataka.

Dondosha tone kwenye kigae cheupe, inamisha. Tone zuri linashuka na kuacha mkia mwembamba wa rangi unaoona kigae kupitia kwake. Mkia ukiziba weupe wa kigae, ongeza tapentaini nusu mililita. Ikiteremka tapentaini tupu na rangi ikabaki juu kama vumbi, umezidisha. Anza upya na rangi mpya, kwa sababu kuongeza rangi kwenye tapentaini nyingi kunaleta mabonge.

Koroga kila unapochovya. Chembe zinazama chini, na baada ya dakika tano kikombe kisichokorogwa kina vimiminika viwili.

Kuhusu rangi yenyewe, usitumie nyeusi tupu. Inaonekana kama mtu amechora kwa kalamu, na nyeusi za mafuta ni miongoni mwa zinazochelewa kukauka. Burnt Umber yenye Payne's Grey kidogo inakupa giza lenye uhai, tena umba ina manganizi ndani yake inayoharakisha ukaukaji. Juu ya kijani na kahawia, Burnt Umber. Juu ya kijivu na bluu, Payne's Grey. Juu ya nyeupe, Raw Umber iliyotiwa nyeupe. Kahawia iliyoiva juu ya nyeupe inakuwa kama kutu.

## Hatua ya 5: Kijiko kwanza

Gusa woshi kwenye kijiko chenye vanishi. Subiri dakika 20. Futa kwa brashi yenye tapentaini kidogo. Ukifuta na kijiko kikabaki kama kilivyokuwa, na rangi ya chini haijaguswa, endelea. Ikibaki pete, rudi Hatua ya 2. Dakika 20 za kijiko si hasara.

## Hatua ya 6: Tia woshi

Funga dirisha linalopokea upepo wa bahari moja kwa moja, acha la upande wa pili wazi. Unahitaji hewa, lakini upepo wa pwani unaleta mchanga, na feni inakausha woshi kabla haijafika inakokwenda.

Chovya brashi namba 0 au 1. Ifute kwenye ukingo wa kikombe mpaka ncha ibebe rangi lakini isining'inize tone. Sasa usipake. Gusa tu, mahali mianya miwili inapokutana au kwenye pembe. Woshi itakimbia yenyewe sentimita 2 au 3 ndani ya mwanya. Inua brashi. Inapoishia, gusa tena. Anayeburuta brashi kwenye mstari wote anaimwagia kandokando rangi ambayo atahangaika kuifuta.

Fanya eneo unaloweza kulimaliza kwa dakika 10: mlango mmoja wa lori, au bati moja la bawa. Ukienda modeli nzima, mwanzo utakuwa umekaza kabla hujarudi kufuta.

Kwa woshi ya uso mzima, lowanisha kwanza eneo lote kwa tapentaini tupu, kwa brashi bapa, koti jembamba. Woshi inasambaa ndani ya unyevu huo na haina ukingo wa kukaukia.

Onyo kwa plastiki: tapentaini ikizama kwenye maungio yenye mkazo, kama miguu ya ndege, ekseli, au sehemu iliyobanwa kwa nguvu wakati wa kuunganisha, plastiki inaweza kukakamaa na kupasuka siku inayofuata. Hatari ni kubwa zaidi kwenye plastiki isiyopakwa rangi kwa ndani. Sehemu hizo ziguse kwa ncha karibu kavu, na kamwe usiache dimbwi.

Ukifanya vizuri utaona mstari mwembamba wenye unyevu ndani ya mwanya, na kivuli kidogo cha rangi kandokando yake. Kivuli hicho ni kazi ya hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Futa

Subiri mng'ao wa unyevu upotee: dakika 15 hadi 30, au hata 10 siku ya jua kali. Ukifuta mapema unaitoa na ya ndani ya mwanya. Ukichelewa mpaka kesho, haitoki bila kusugua.

Chovya brashi bapa kwenye tapentaini safi, ibonyeze kwenye kitambaa mpaka iwe na unyevu wa kidole kilichopita kwenye ulimi, si zaidi. Vuta kwa mapigo mafupi yanayoukata mstari, si yanayoufuata. Ukiufuata, nywele za brashi zinaingia ndani na kukomba rangi. Kwenye pande zilizosimama, vuta kutoka juu kwenda chini, kama maji ya mvua yanavyoteremka. Mabaki membamba yatakayosalia yataonekana kama uchafu wa kweli. Safisha brashi kila baada ya mapigo 4 au 5, la sivyo unahamisha uchafu tu.

Simama mapema kuliko unavyotamani. Kivuli kidogo kilichobaki kinaizeesha modeli vizuri kuliko usafi wa hospitali.

## Mfano: ubavu wa jahazi wa kipimo cha 1:50

Hapa macho ya mtu wa pwani yanamsaidia. Jahazi halisi, mianya kati ya mbao imezibwa kwa kalafati, pamba iliyoshindiliwa ndani. Kwa hiyo mwanya si shimo jeusi. Fanya hesabu: mstari wa nusu milimita kwenye modeli ya 1:50 ni mwanya wa sentimita 2.5 kwenye chombo cha kweli, na chombo chenye mianya hiyo kingejaa maji kabla hakijavuka kilindi. Mstari wako uwe mwembamba na laini, ukatike mahali pengine, uzidi giza karibu na omo (mbele) na tezi (nyuma) ambako mbao zimepindwa sana.

Juu ya mstari wa maji, mbao zinapakwa sifa, mafuta ya papa, ndiyo zinakuwa na kahawia nzito. Changanya Burnt Umber sehemu 2 na Payne's Grey sehemu 1, uzimuaji wa 1 kwa 10. Anza na mianya iliyo juu, maliza kwenye mstari wa maji.

Chini ya maji ni deheni, chokaa na shahamu, nyeupe iliyochafuka. Kahawia ileile hapa ingeharibu kila kitu. Chukua Raw Umber na Titanium White nusu kwa nusu, zimua 1 kwa 20, pitisha juu ya uso uliolowanishwa. Lengo ni deheni ionekane imekaa majini mwezi mmoja. Penye mpaka wa deheni na mbao, Raw Umber tupu, mstari usio sawa, ndio utando wa kijani-kahawia unaoshika hapo.

Misumari: gusa kila kichwa kwa Burnt Sienna ya 1 kwa 10, kisha vuta chini milimita 3 tu. Hizo ni sentimita 15 za kutu kwenye chombo halisi, zinatosha. Si kila msumari. Mmoja kati ya mitatu.

Tanga usiliguse kwa woshi ya mafuta. Nguo isiyozibwa inanyonya mafuta ya kitani, inazungukwa na pete ya njano na baadaye inakakamaa. Kitambaa kizeeshe kwa chai ya rangi nzito kabla ya kukifunga kwenye foromali, mti unaobeba tanga.

## Hatua ya 8: Acha ikauke kweli

Tapentaini inafuka ndani ya saa chache, na watu wanadhani kazi imekwisha. Mafuta yaliyobaki hayafuki. Yanaganda kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na hiyo ni kazi ya siku. Hesabu saa 48 kama kawaida, 72 masika, na zaidi kama umetumia nyeupe au nyeusi nyingi.

Funika modeli kwa beseni dhidi ya vumbi, lakini liinue upande mmoja kwa kijiti. Beseni lililobana linaizuia hewa ambayo rangi inaihitaji.

Pima kwenye kijiko chako cha kujaribu ukaukaji, ulichokitia woshi siku ileile: pitisha pamba kavu ya sikio. Ikitoka safi na hakuna harufu, imekauka.

## Hatua ya 9: Vanishi isiyong'aa

Makoti mawili membamba. Ukipuliza, fanya saa za mchana jua likiwa juu. Asubuhi na mapema na baada ya magharibi unyevu ni mwingi, na vanishi inaweza kukauka na ukungu mweupe unaofuta kazi yote uliyoifanya kwenye mianya. Siku ya mvua iahirishe.

Mistari itaonekana imefifia kidogo baada ya koti hili. Ni kawaida, na ndiyo sababu woshi nzuri huachwa na giza la ziada kidogo kabla ya mwisho.

## Ikiharibika

Pete za madoa. Uso haukung'aa, au umeacha dimbwi. Ndani ya saa moja, lowanisha eneo lote kwa tapentaini tupu na ufute kuelekea nje. Baada ya siku mbili, weka vanishi inayong'aa juu na urudie woshi ukianzia kwenye pete.

Chembechembe kama mchanga. Tapentaini imezidi, au rangi ni hafifu, au kimiminika ni alkoholi. Ifute yote. Hakuna kuiokoa kwa kuongeza rangi.

Inanata baada ya siku nne. Mafuta hayakutolewa kwenye katoni, au umetumia mafuta ya taa. Kama ni mafuta ya kitani, sogeza penye mwanga na hewa, ngoja wiki. Kama ni mafuta ya taa, futa yote kwa tapentaini halisi, mara tatu, kitambaa kipya kila mara.

Rangi ya chini imetoka. Acha mara moja, usiendelee kusugua. Ikauke siku mbili, gusia kwa akriliki, vanishi upya, anza tena.

Kila kitu kimekuwa kahawia moja. Woshi ilikuwa nzito na hukufuta. Ukiwahi siku hiyohiyo, brashi bapa na subira vinairudisha. Ukichelewa, chukua rangi ya chini, ifanye nyeupe kidogo, na uiguse katikati ya kila ubao au bati, ukiiacha mianya.

## Mabaki na vitambaa

Osha brashi kwenye chupa ya kwanza, suuza kwenye ya pili, kisha sabuni ya mche na maji ya uvuguvugu. Bomba la sindano lisafishe palepale, kwani mpira wake unaweza kuvimba ukilala na tapentaini.

Usimwage tapentaini chafu kwenye sinki wala mchangani. Ifunike usiku mmoja au miwili. Rangi itazama, na ile safi ya juu imimine polepole kwenye chupa nyingine uitumie tena kuoshea. Nusu lita ikitunzwa hivyo inaenda modeli nyingi.

Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivifinyange na kuvitupa kwenye ndoo ya taka. Mafuta hayo yakiganda yanatoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinalishikilia mpaka kinaweza kuwaka chenyewe, bila kiberiti. Vitandaze kimoja kimoja nje kwenye kamba mpaka vikakamae, au vizamishe kwenye kopo la maji lenye kifuniko hadi siku ya kutupa taka.